Je, Yafaa Watoto wa Ziwani Kulala Hemani?

Kila mwaka mvua zikiisha na mwera ukianza kuvuma, wageni huja Nyasa na mahema yao. Wengine hushuka kwa barabara ya lami itokayo Mbinga hata Mbamba Bay, wengine huja kwa meli, nao hutafuta mahali penye mchanga safi na mawe makubwa, wakapiga kambi, wakakaa siku nne au tano. Asubuhi huvaa viatu vizito, hutwaa maji na chakula kidogo, hupanda milimani kutembea msituni. Jioni hurudi wamechoka, wamejaa vumbi, nao wafurahi kana kwamba wamelipwa fedha. Watoto wa Liuli huwatazama na kucheka. Husema, "Watu hawa wana nyumba nzuri kwao, mbona waja kulala chini? Tena waenda msituni bila shoka wala mzinga, warudi mikono mitupu."

Nami nilicheka zamani. Sasa sicheki tena, na katika sura hii nataka kuwaeleza ninyi wanafunzi wa madarasa ya juu kwa nini nimegeuza shauri langu. Naona ya kuwa kila mtoto wa pwani hii apewe nafasi, walau mara moja kabla hajamaliza shule, ya kulala siku tatu au nne kando ya ziwa pamoja na wenzake na mwalimu wao, na mchana kutembea katika misitu ya juu. Wazazi wengi hawakubaliani nami. Nazijua sababu zao, na moja katika hizo ni kubwa. Nitaieleza bila kuificha, maana kosa lilikuwa langu.

Sababu ya kwanza wanayoitaja ni hii: watoto wetu wamezaliwa ziwani, wanalijua ziwa, hawana haja ya kufundishwa kulitazama. Neno hili lina nguvu. Mtoto wa Liuli aweza kupiga kasia kabla hajajua kuandika jina lake. Walakini mwaka wa kwanza nilipokwenda kambini na watoto ishirini, upande wa kusini wa Liuli, niliuliza swali jepesi jioni ile ya kwanza. Nilimwuliza kijana mmoja, mwana wa mvuvi, ambaye kwa mtumbwi anishinda mbali, kijito kinachopita nyuma ya nyumba yao chatoka wapi. Akasema, "Chatoka juu, mwalimu." Juu wapi? Hakujua. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, ameyanywa maji yale tangu kunyonya, wala hakuwahi kupanda hata mahali yanapoanza. Wenzake walimcheka, nikawauliza wao, nao pia hawakujua. Basi tukakubaliana kesho tukifuate.

Lakini kabla ya kusema habari za kijito, niseme kidogo habari za ziwa lenyewe, kwa kuwa usiku tulikuwa nalo peke yetu.

Neno Nyasa maana yake ni ziwa. Wageni waliposikia watu wakisema nyasa, walidhani ni jina, basi sisi leo tukisema Ziwa Nyasa twasema ziwa la ziwa. Urefu wake wapata kilometa 560 na zaidi, na hakuna katika Afrika maziwa yalipitayo kwa ukubwa ila Viktoria na Tanganyika. Mahali penye kina kikubwa maji yafika meta 700 hivi. Niliwaambia watoto ya kuwa uso wa ziwa uko juu ya bahari kwa meta 470 na kitu, kisha nikawaacha wafanye hesabu mchangani kwa kijiti. Msichana mmoja alimaliza kwanza, akatazama jibu lake, akalifuta, akafanya tena. "Mwalimu," akasema, "chini ya ziwa ni chini kuliko bahari!" Ndivyo ilivyo, kwa meta 200 na zaidi. Darasani hesabu ile ingalikuwa hesabu tu. Pale maji yalikuwa yakigonga mawe hatua kumi kutoka miguu yake, naye alisogea nyuma kidogo, tulimwona.

Tena kuna jambo jingine ambalo mvuvi mwenyewe huenda halijui. Katika maji haya yote mengi, samaki hukaa sehemu ya juu tu. Kupita meta 250 hivi kwenda chini, maji hayana hewa ya kuwafaa, na samaki hawezi kuishi. Kwa hiyo usipa, mbasa, magege, na wale samaki wadogo wa mawe wenye rangi za samawati na manjano ambao wataalamu huwaita mbuna, wote wamo katika sehemu ile ya juu na kandokando ya pwani. Aina za samaki wa ziwa hili ni mamia kwa mamia, na nyingi katika hizo hazipatikani mahali pengine po pote duniani. Mama wa mbuna hutunza mayai yake kinywani, na hata watoto wakiisha kuanguliwa huwaficha mumo humo. Asubuhi tulilala kifudifudi juu ya jiwe kubwa kuwatazama. Watoto waliokwisha kuwaona samaki wale mara elfu hawakuwa wamewatazama hata mara moja.

Usiku hakukuwa na mwezi, na wavuvi wa usipa walitoka na taa zao. Tuliketi kutazama taa zile zikienea majini kama mji mkubwa uliojengwa kwa saa moja. Asubuhi yake, mbali ziwani, iliinuka nguzo nyeusi kama moshi, na mtoto mmoja ambaye wazazi wake ni wageni kutoka Songea alipiga kelele kwamba meli inaungua. Wenzake walifurahi mno kumwambia ya kuwa ni visubi tu, wale wadudu wadogo wa ziwani watokao majini kwa makundi yasiyohesabika. Ziko kando nyingine za ziwa hili ambako watu huwakamata wadudu hao na kuwaoka kama mkate. Mimi sijaonja, wala sina haraka.

Sababu ya pili ya wazazi ni ugonjwa na hatari. Hapa sibishani, nasema tu ya kwamba hatari hizo ziko hata kwa mtoto asiyekwenda kambini, na tofauti ni kwamba kambini hufundishwa. Mdomo wa mto una mamba na viboko, basi hatupigi kambi karibu na mdomo wa mto. Kichocho kiko. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wa majini, hasa jua likiwa kali, huingia katika ngozi ya mtu aliyesimama majini, na mtu mgonjwa akikojoa ziwani huvirudisha tena. Basi choo huchimbwa mbali na maji, wala hakuna aogaye penye magugu na maji yaliyotuama, na baadaye kila mtoto hupelekwa kupimwa, maana dawa iko nayo huponya. Na hapa pana habari ambayo naona ni kubwa kuliko maonyo. Wataalamu waliochunguza upande wa Malawi wameona ya kuwa zamani pwani za mchanga zilizo wazi hazikuwa na kichocho, bali kiliingia baada ya samaki walao konokono kuvuliwa mpaka wakawa wachache. Nyavu za matundu madogo zinazokokotwa pwani ziliwatoa samaki, konokono wakazidi, na ugonjwa ukafuata. Mwambieni mtu habari hii barazani atasema ni hadithi. Mwambieni akiwa amesimama pwani, mtu mmoja akikokota wavu mbele yake na watoto wakiogelea nyuma ya wavu ule, naye atanyamaza.

Basi kesho yake tukafuata kijito. Tuliondoka alfajiri, tukapita mashamba ya mihogo, kisha njia ikawa kali. Mwanzoni mlima ulikuwa mtupu, miti imekatwa kwa kuni za kubanika samaki na kuchoma matofali, na udongo mwekundu umefanya makorongo. Kijito hapo kilikuwa chembamba, maji yake yana rangi ya chai ya maziwa. Tulipoingia katika miombo, maji yakawa safi. Hakuna mwalimu aliyesema neno. Watoto wenyewe walisimama, wakatazama chini, wakatazama juu.

Yule msichana wa hesabu alitia mkono chini ya majani makavu yaliyofunika ardhi, akautoa una unyevu, na mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi miwili. Akasema, "Huku maji yanajificha." Nami nakiri nilikuwa nimeandaa maneno mengi juu ya jambo hilo, nikayaacha. Nilieleza tu mambo wasiyoweza kuyaona kwa macho: ya kuwa mizizi na majani hupokea mvua na kuizamisha ardhini polepole, na mahali palipo patupu mvua hukimbia juu ya udongo na kuuchukua mpaka ziwani, ukaenda kuyafunika mawe ambamo samaki wadogo hula na kuzaa, na ya kuwa miombo chini ya ardhi imeshikana na uzi mwembamba wa uyoga, uyoga hupewa chakula na mti, na mti hupata maji na nguvu ya udongo kwa njia ya uyoga. Ndiyo maana wakati wa masika uyoga mnaookota kwa kula huota chini ya miti hiyo, wala hauoti shambani.

Tuliona mninga uliokatwa tawi, utomvu wake mwekundu kama damu ukishuka gogoni. Tuliona misuku, ambayo matunda yake huiva mvua zikikaribia. Tulisikia nyani kwa mbali. Tulikula mihogo baridi na dagaa wa usipa, tukashuka. Usiku ule nilipouliza kijito chatoka wapi, watoto ishirini walijibu pamoja, nikalazimika kuwanyamazisha.

Wakati mwingine tuligeuza njia, tukazunguka bandari ya Liuli yenyewe. Kila mwanafunzi wa hapa hupita mbele ya lile jiwe kubwa lifananalo na simba aliyelala mwenye kichwa cha mtu. Wajerumani waliliona wakakumbuka sanamu ya Misri, wakapaita hapa Sphinxhafen. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, iliingia bandarini na kuipiga mzinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa pwani ili itengenezwe. Yasimuliwa kwamba nahodha wake, Berndt, aliyekuwa rafiki wa Rhoades, alikwenda kwa mashua kumwuliza kama amelewa, kwa sababu hakuwa amesikia habari ya vita. Akakamatwa. Kisa hiki huwachekesha watoto. Mimi hakinichekeshi sana, nikikumbuka watu wa nchi hizi waliochukuliwa baadaye kubeba mizigo ya vita ile wasirudi. Na mtembezi mkubwa kuliko wote wa pwani hii, William Percival Johnson, aliyefika Afrika mwaka 1876 na kufa hapa Liuli mwaka 1928, aliipita kwa miguu na kwa mashua kwa zaidi ya miaka 40, tena kwa macho mabovu. Ziwa zima lilimjua kwa sababu alitembea.

Sasa nieleze lile kosa langu.

Mwaka wa pili tulikwenda mwezi wa Agosti. Majani yalikuwa makavu kabisa. Huko juu msituni, saa sita, nikawaruhusu watoto wakoke moto mdogo wa kuchoma mihogo. Tulipomaliza tuliumwagia maji, tukafukia kwa udongo, nami nikaona imetosha. Hatujashuka nusu saa, mtoto wa nyuma aliita. Tulipogeuka tuliona moshi. Mwera ulikuwa umefukua makaa. Tukarudi mbio, tukakata matawi mabichi, tukaupiga moto ule mpaka jua likatua. Hakuna aliyeumia ila kijana mmoja aliyefanya malengelenge mguuni. Lakini ubavu mzima wa mlima uliungua, pamoja na mizinga mitatu ya nyuki ya mzee mmoja wa kijiji cha juu.

Asubuhi yake mzee akaja kambini. Watoto wakasimama wakasema, "Shikamoo babu." Akajibu, "Marahaba, wanangu," akaketi juu ya jiwe, akanyamaza kitambo. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi, nayo yakanikwama kooni. Hatimaye alisema, "Mwalimu, mizinga nitachonga mingine. Kuna miche ya mninga pale, niliikuta ikiota yenyewe, nikawa naifyekea nyasi tangu mjukuu wangu wa kwanza alipozaliwa. Mjukuu huyo sasa ameoa." Akaonyesha kwa mkono urefu wake, haikumpita kifua. Kisha akasema, "Mngalipitia kwangu kwanza, ningaliwaambia ya kuwa mwezi huu hapana moto mlimani, hata wa kiko." Nilimlipa mizinga. Miche sikuweza kuilipa.

Habari zilipofika Liuli, wazazi wengi walisema safari hizi zikome. Watu wenye busara walisema hivyo, wala sikuwa na neno mbele yao. Nimefikiri tangu siku ile, na shauri langu ni kwamba wamekosea, ingawa hasira yao ilikuwa ya haki. Misitu yetu huungua kila mwaka tangu Julai mpaka Oktoba. Ni nani aichomaye? Si watoto wa kambini. Ni watu wanaosafisha shamba saa ya jua na upepo, na wawindaji, na vijana wanaotafuta panya. Hao hawana uovu. Ni kwamba hawakuwahi kusimama mbele ya moto ule wakiwa na tawi mkononi, wala kumwona mzee akipima kwa mkono urefu wa mche. Watoto wangu ishirini walisimama. Mmoja wao, Septemba ya mwaka uleule, alimzuia mjomba wake asiwashe shamba mchana, akamwomba angoje jioni upepo utulie, na kwanza afyeke njia ya kuuzuia moto. Mjomba alimkasirikia, kisha akafanya hivyo.

Tena wenzetu Wamatengo huko juu tangu zamani huyalima mabonde na miteremko mikali kwa ngolo, wakifukia nyasi na kuacha mashimo yanayoshika mvua, wala udongo wao haushuki ovyo. Mtoto wa ziwani akipanda mpaka huko akaona, atajua ya kuwa mlima mkali si lazima uwe makorongo. Asipopanda, nani atamwambia? Mgeni wa hema ameona ngolo. Mwenyeji wa Liuli hajaziona. Jambo hilo laniudhi kuliko kicheko cha wale waliosema watu hawa warudi mikono mitupu.

Kuhusu gharama sitasema mengi. Mahema ya dukani ni ghali, lakini turubai na kamba zatosha wakati wa kiangazi, unga na usipa kila nyumba inao.

Basi nimeandika masharti, nikayapeleka kwa wazazi. Safari iwe Juni, nyasi zingali na ubichi. Moto uwe pwani tu, juu ya mchanga, wala kamwe usikokwe msituni. Huko tutakula chakula baridi. Tusiingie msitu wo wote kabla ya kupita kwa wenyeji wake. Kila kundi la watoto kumi liwe na mtu mzima mmoja anayejua kuogelea. Yule mzee wa mizinga nilimwendea kumwomba atutangulie njiani. Nilidhani atakataa. Aliniuliza tu kama watoto wale waliopiga moto watakuwamo, nikamwambia wamo, akasema atakuja, na kwamba siku ya kwanza atatupeleka penye ule ubavu ulioungua, tuone kilichoota na kisichoota.

Wazazi hawajajibu. Watakutana shuleni Jumamosi ijayo, na mzee amesema atashuka siku hiyo kuwaeleza mwenyewe.